Namba Chini ya Pete

Mama Mapacha hakuwa na shaka hata chembe juu ya mtu aliyemuua mumewe. Alikuwa Fundi Bati, jirani yao wa kona ya pili, aliyeezeka nusu ya nyumba za mtaa ule. Mahakama ilisema hivyo, na Mama Mapacha ndiye aliyeisaidia mahakama kusema.

Mumewe alikuwa askari wa msitu. Bunduki aliyobeba ilikuwa ya serikali, lakini darubini iliyofungwa juu yake aliinunua mwenyewe, maana alipenda kuwaona wakata magogo kabla hawajamwona. Asubuhi moja ya kiangazi alitoka na hakurudi. Wenzake walimkuta kando ya kijito, ameanguka kifudifudi, ana risasi mgongoni. Bunduki haikuwapo, wala darubini. Mapacha walikuwa bado wananyonya.

Upelelezi ulikwenda mbio, ukachechemea, ukalala. Miaka ilipita. Kisha polisi wakaingia kwa Fundi Bati kutafuta mabati ya wizi, na mvunguni mwa kitanda wakakuta darubini ya bunduki imeviringishwa kwenye fulana. Fundi Bati alisema kapewa na mwindaji mmoja mpita njia, ambaye yeye fundi alimwezekea kibanda, naye akakosa cha kumlipa. Walipomwambia amlete huyo mwindaji, hakujua hata pa kuanzia kumtafuta.

Mama Mapacha aliitwa kituoni. Mpelelezi aliiweka darubini mezani mbele yake.

"Mama, iangalie vizuri. Ndiyo yenyewe?"

Ilikuwa nyeusi, na kando ya kioo cha nyuma palikuwa na mkwaruzo uliopinda kama kucha. Darubini ya mumewe nayo ilikuwa na mkwaruzo. Upande gani, umepindaje, hakukumbuka. Alichokumbuka ni Fundi Bati akiwa amekaa sebuleni kwake siku za matanga, anakula, anatikisa kichwa kwa huzuni.

"Ndiyo," alisema.

Alisema tena mahakamani, safari hii kwa sauti ya kusikika mpaka nje, akanyoosha kidole. Fundi Bati alishika chuma cha kizimba kwa mikono miwili.

"Mama Mapacha! Unanijua mimi! Unanijua!"

Alifungwa maisha.

Mapacha walikua, wakaanza kumpita mama yao kwa urefu. Siku moja mahakama ilisafisha ghala lake la vielelezo, na Mama Mapacha akaitwa kuchukua mali ya marehemu. Alirudi na darubini ndani ya bahasha ya kaki, akaitia kabatini chini ya mashuka. Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alipopata habari alikuja siku hiyohiyo. Alikuwa na shamba na kibali cha bunduki, na nguruwe pori walikuwa wamemkalia kooni.

"Shemeji, kitu cha kaka kisiozee kabatini. Nipe mimi nikitumie, nami nitakuwa namkumbuka."

Hakuona sababu ya kukataa. Wakaenda pamoja kwa fundi wa bunduki, mjini, nyuma ya duka la rangi.

Karakana ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la nondo, kinanuka mafuta mazito. Juu ya meza palikuwa na jiliwa kubwa la kubania vyuma, brashi za kusafishia mtutu, na kipande cha blanketi kuukuu ambacho fundi alilazia vitu vya watu ili visikwaruzike. Fundi mwenyewe alikuwa mtu wa maneno mengi. Shemeji alipomuuliza kama darubini inafaa, aliipeleka dirishani, akafumba jicho moja.

"Inafaa kwa kutazamia uji. Ukungu mtupu humu ndani. Mpira wa kuzuia unyevu umekufa. Nikikufungia hivi, utamlenga nguruwe umpige mkeo."

Shemeji alicheka. Mama Mapacha naye alijikuta anatabasamu.

"Mpira unapatikana?" shemeji aliuliza.

"Unapatikana, ila lazima nijue ni ya mwaka gani. Kiwanda hiki walibadilisha mipira katikati. Ukiagiza wa zamani kwenye mpya, haukai."

"Ni ya zamani," Mama Mapacha alisema. "Mume wangu aliinunua kabla hawa mapacha hawajazaliwa."

"Tutaona. Namba yake itasema." Akachukua bisibisi, akaanza kulegeza pete ya chuma iliyoshika bomba la darubini. Skrubu zilikuwa na kutu, zikalia. "Wengi hawaijui hii namba, kwa sababu pete inaikalia. Hapa hajafungua mtu tangu siku ilipofungwa."

Pete ikatoka. Fundi akafuta bomba kwa kitambaa, akasogeza taa, akasoma kimoyomoyo. Kisha akamtazama mwanamke.

"Mama, mumeo alifariki lini?"

Akamtajia mwaka. Fundi akasoma tena. Utani wote ulikuwa umemtoka usoni. Akampigia simu wakala wa kiwanda, akamsomea herufi na tarakimu moja baada ya nyingine, akangoja, akauliza, "Una hakika?" Akaomba amsomee tena. Alipokata simu, aliilaza darubini kwenye blanketi taratibu.

"Herufi hizi mbili za mwanzo ndizo mwaka wa kutengenezwa. Hii ilitoka kiwandani miaka miwili baada ya mumeo kuzikwa."

"Labda umekosea kusoma," shemeji alisema.

"Nimesoma, na wakala kasoma. Sikiliza, mama. Namba haijui mtu kanunua lini. Darubini ya zamani inaweza kukaa dukani mpaka iote vumbi, ikanunuliwa jana. Ingekuwa ya zamani, nisingekuwa na la kusema. Lakini kitu hakinunuliwi kabla hakijatengenezwa. Siku ile mumeo anaingia msituni, hii haikuwapo duniani."

Mama Mapacha alitafuta pa kukaa. Hapakuwa na kiti, akakaa juu ya sanduku la misumari. Kichwani mwake mlikuwa na sauti ya mtu mmoja tu, anayeita jina lake akiwa ameshika chuma.

Nje, shemeji alimshika kiwiko.

"Hili tulimezee. Yule mtu keshafungwa, ameshazoea."

"Ameshazoea?"

"Mama Mapacha, kama si yeye, ni nani? Unataka tuanze kulia upya?"

Alijitoa mkononi mwake. Darubini, ambayo fundi alikuwa ameirudishia pete, aliikumbatia kifuani, ndani ya bahasha yake ya kaki, akatembea.

Kwa Fundi Bati alibaki dada mtu peke yake. Mke aliondoka kitambo akarudi kwao. Mama yao alikufa. Dada alikuwa uani, anaanika nguo za kufulia watu, na alipomwona Mama Mapacha mlangoni hakumkaribisha.

"Umekuja kutazama nini? Bado kuna kitu hujatuchukulia?"

Mama Mapacha alisimama palepale akaeleza yote: pete, namba, simu. Hakujitetea. Alipomaliza, dada alikuwa bado ameshika shuka lenye maji, linamchuruzikia miguuni.

"Mama yangu," dada alisema, "alikuwa akiuliza kila nikitoka kumtazama kaka gerezani, 'Wamemwachia?' Mpaka anakata roho anauliza hilohilo. Na wewe ulikuwa unapita hapa mbele na kapu lako, unatema mate."

"Nilikuwa natema, ndiyo."

Dada alilia kwa hasira, akamsukuma, kisha akaingia ndani kuvaa viatu. Wakaenda pamoja kwa wakili wa msaada wa kisheria.

Rufaa ilijikokota. Fundi wa bunduki aliitwa, akafungua pete mbele ya majaji na kuwaonyesha. Barua ya kiwanda ikasomwa. Kisha akaitwa Mama Mapacha, na jaji mmoja, mwanamke, akamuuliza kwa nini aliapa kwamba anaitambua.

Wakili alikuwa amemfundisha aseme alichanganyikiwa kwa msiba. Alifungua mdomo aseme hivyo.

"Nilitaka awe yeye," alisema. "Nilichoka kutomjua muuaji. Nikaletewa mtu, nikampokea."

Ukumbini shemeji alinyanyuka akatoka. Tangu siku hiyo hakumkanyagia mlango, na kwa ndugu wa mumewe alisema kwamba mjane amemuuza marehemu.

Fundi Bati alitoka gerezani anakohoa, mgongo umepinda, jicho moja limeingiwa na utando mweupe. Mama Mapacha alikuwa ameshinda getini tangu asubuhi. Alipomwona akipiga magoti kwenye changarawe, Fundi Bati alisimama kidogo, akahema.

"Inuka. Watu wanatazama."

"Nimekukosea, fundi."

"Nimesikia. Umesema mahakamani, nimesikia." Akakohoa mpaka dada yake akamshika. "Nilikuwa na la kukwambia. Miaka yote nimelipanga. Sasa naona sina nguvu ya kulisema. Usije nyumbani, Mama Mapacha. Hata nikifa, usije."

Akapita.

Polisi walipokea malalamiko mapya juu ya kifo cha askari wa msitu. Mpelelezi wa zamani alikuwa amestaafu. Wa sasa alikuwa kijana mpole, aliyemwambia ukweli kwamba wale waliofanya kazi na marehemu wametawanyika na kijito chenyewe kimekauka. Darubini ilizuiliwa tena, kielelezo cha kesi isiyo na mshtakiwa.

Jioni moja walikuwa wanakunja nguo, yeye na mapacha. Mmoja wao, yule mkimya, aliacha kukunja, gauni likiwa mikononi.

"Mama, basi nani alimuua baba?"

Alikuwa amewalea wakiwa na jibu. Walijua hata nyumba ya jibu lenyewe, na walipokuwa wadogo waliirushia mawe.

"Sijui," alisema.

Binti akaliinua tena gauni. Yule mwingine akawasha taa, wakaendelea kukunja.