Washauri Wanne wa Bi Sawa

Kama kuna mtu aliyewahi kwenda kwa Bi Sawa kuomba kitu akarudi mikono mitupu, basi mtu huyo alikosea nyumba. Mtaa mzima ulilijua hilo. Ukitaka ngazi, unapewa, na ukiivunja unapewa pole. Ukitaka kumwachia wanao ukaenda msibani, nenda salama, na hata ukirudi umevaa nguo za harusi hatakuuliza. Jina lake halisi lilikuwa kwenye vyeti, ila watu walishalisahau. Yeye mwenyewe aliliitikia hilo la utani bila kinyongo, maana hata kulikataa alishindwa.

Kazi yake ilikuwa kushona mapazia. Alishonea katika chumba cha mbele cha nyumba waliyoachiwa na marehemu mama yao, yeye na kaka yake, chumba chenye dirisha pana na meza ndefu ya kutandika kitambaa bila kukikunja. Pazia linataka nafasi na mwanga. Ukilikata kwenye giza, kesho utalia. Wapita njia waliona rangi zinaning'inia dirishani, wakaingia kuuliza bei, wakawa wateja. Chumba hicho ndicho kilichomlisha, na mimi naongeza kwamba ndicho kilichomtunzia akili yake pia.

Sasa kaka yake, fundi bomba, mtu mpole wa sauti ya chini, alikuja siku moja akasimama mlangoni akiitazama dari kana kwamba ameitwa kutafuta panapovuja. Akasema shemeji yake, mdogo wa mkewe, anataka kufungua duka la kunyolea, na chumba hiki kinafaa kwa sababu kiko barabarani. Cherehani ingehamia uani karibu na matangi ya maji, ambako, alisema, kuna upepo mzuri. Viti na vioo vingeletwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi. Bi Sawa akajisikia akisema, "Sawa, kaka."

Aliyempasulia ukweli ni rafiki yake msusi, jirani wa ukuta kwa ukuta, mwanamke ambaye ulimi wake una meno kuliko chanuo lake. Bi Sawa alijitetea kwamba hewala haigombi. Msusi akamjibu kwamba ni kweli haigombi, ila inahamishiwa uani. Ndipo akamweleza kuhusu mteja wake mmoja aliyesaidiwa na mshauri wa mtandaoni. Si wale wa kukuliza mwaka mzima juu ya utoto wako. Hawa wanakuuliza unataka kufika wapi, kisha wanakutafutia hatua ya kuanzia. Bi Sawa alitaka kufika mahali pamoja tu: Jumamosi hiyo, amwambie kaka yake hapana.

Washauri walikuwa wengi kwenye simu, picha zao zimepangwa safu kwa safu, kila mmoja anatabasamu na vyeti vyake chini. Vyeti Bi Sawa hakuvielewa. Alichokielewa ni mapazia yaliyokuwa nyuma yao, naye akachagua kwa mapazia. Mchagua nazi hupata koroma, wahenga walisema, na sidhani kama waliwahi kumwona mtu anayechagua daktari wa moyo kwa pindo la dirisha. Kikao cha kwanza kilikuwa bure kwa kila mshauri, kwa hiyo alijaribu kadhaa.

Wa kwanza, mwalimu mstaafu mwenye pazia zito la mahameli, alitaka waanzie kwa babu yake mzaa baba. Muda uliisha Bi Sawa hajazaliwa. Mwalimu akauliza kama waonane tena wiki ijayo, naye akasema sawa. Wa pili, mama wa sauti ya asali na pazia jeupe jepesi, alimwambia afumbe macho avute pumzi. Bi Sawa alivuta, akalala, akaamshwa ili aulizwe kama waendelee. Akasema sawa. Wa tatu alikuwa kijana mwenye tai ambaye nyuma yake hapakuwa na pazia lolote, ila huyu alisifiwa sana. Ndani ya nusu saa alishamwandikia malengo ya kumiliki maduka makubwa matano. Bi Sawa alitaka chumba kimoja, tena alichonacho tayari, lakini kijana alikuwa na furaha mno, asingeweza kumvunja moyo.

Wa nne alikuwa mwanamke wa makamo, na pazia lake, jamani, lilikuwa limeshonwa na adui. Pindo limepanda upande mmoja, mikunjo haijulikani inatoka wapi wala inakwenda wapi. Bi Sawa alikaribia kukata simu. Lakini mwanamke yule alimuuliza swali ambalo wenzake hawakuuliza.

"Mazungumzo yetu yakikufaa, dada, Jumamosi hiyo utakuwa unafanya nini ambacho leo hukiwezi?"

"Nitakuwa nimesimama mlangoni," Bi Sawa alisema, "namwambia kaka yangu hapana."

Mshauri akamuuliza, kwa kipimo cha sifuri hadi kumi, yuko umbali gani na mlango huo. Bi Sawa akasema yuko kwenye moja. Mshauri hakumpa pole. Aliuliza kwa nini isiwe sifuri. Bi Sawa akafikiri kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kufikiri juu ya nafsi yake, akajibu kwamba labda ni kwa sababu amepiga simu. Baada ya kikao alijikuta anaimba huku akitia uzi kwenye sindano.

Msusi alipouliza amemchagua nani, Bi Sawa akainamisha kichwa. Aliwachukua wote. Msusi alicheka mpaka akaziachia nywele za mteja aliyekuwa katikati ya msuko. Mshika mbili moja humponyoka, alisema, wewe umeshika nne. Na kweli wiki ile ilikuwa vurugu tupu. Mwalimu alitaka historia ya babu, mama wa asali alitaka pumzi mbele ya kioo, kijana mwenye tai alituma ujumbe kila asubuhi kumkumbusha kuamka kama mshindi. Mapazia ya watu yalilala mezani. Jumamosi ilikuwa inakuja, na Bi Sawa alikuwa na watu wanne wa kumfundisha kukataa, naye hakuweza kumkataa hata mmoja wao.

Alipomwona tena yule wa nne, aliungama yote. Mshauri alicheka, kicheko cha mtu aliyeokota kitu alichokuwa anakitafuta.

"Basi kazi tumeipata," alisema. "Chagua mmoja. Hata kama si mimi."

Kisha akamuuliza ni wapi huwa anakataa bila shida. Bi Sawa akasema hakuna, hajawahi, hakuzaliwa hivyo. Wakati anaendelea kujisema vibaya, mteja mmoja akaingia na kitambaa chake, akasema anataka lipatikane pazia la madirisha mawili. Bi Sawa alikipima kwa mkono, pini zikiwa bado mdomoni.

"Hakitoshi," alisema. "Ukilazimisha, madirisha yako yatavaa kaptula. Chukua la dirisha moja au kaongeze kitambaa."

Mteja akasema haya, akaenda kuongeza. Bi Sawa akairudia simu, akaomba radhi kwa usumbufu, akataka kuendelea pale alipokuwa ameishia kusema kwamba hajui kukataa. Mshauri alikuwa ameegemeza kidevu mkononi.

"Huyo aliyeongea sasa hivi ni nani?" aliuliza.

Bi Sawa akatoa pini mdomoni, moja moja. Ilimjia polepole. Kitambaa kisipotosha haoni aibu, kwa sababu huko ndiko kumtendea mteja haki. Ukikubali kisichotosha, unamharibia kitambaa na unamharibia dirisha. Basi akajikaza kisabuni, akawaambia wale watatu kwamba muda wake hautoshi kwa washauri wanne. Mama wa asali alimbariki. Kijana mwenye tai alimpongeza, akaliingiza hilo kwenye malengo aliyoyatimiza. Mwalimu peke yake ndiye aliyelalamika kwamba walikuwa wamekaribia kwa baba yake, naye Bi Sawa akamsikiliza mpaka mwisho, akakataa tena.

Jumamosi gari dogo la mizigo lilisimama nje, viti vya kunyolea vimefungwa kamba nyuma. Kaka yake alishuka. Bi Sawa alisimama mlangoni.

"Kaka, chumba hiki sikitoi. Nafanyia kazi humu, na uani hakuna mwanga. Nilikubali siku ile kwa sababu niliogopa kukuudhi. Nimekosea. Hapana."

Alingoja ngurumo. Kaka yake alimtazama, kisha mabega yake yakashuka kama mtu aliyetuliwa gunia. Aliingia, akakaa kwenye ukingo wa meza ndefu.

"Ahsante," alisema. "Mke wangu aliponiambia, nilisema sawa hata hajamaliza kuongea. Halafu nikajipa moyo kwamba wewe utakataa."

"Mimi? Umewahi kuniona nikikataa lini?"

Wakatazamana, watoto wa mama mmoja, wakaanza kucheka. Kisha kaka akaacha kucheka. Akamwomba, kwa ile sauti yake ya chini, aende yeye akamweleze wifi yake, kwa kuwa yeye ameshajua namna. Sawa ilikuwa imeshafika kwenye ncha ya ulimi wa Bi Sawa. Alimpenda mno kaka yake, na uso ule wa mtoto aliyepotea ulimuuma kuliko viti vyote vya nje.

"Hapana, kaka," alisema taratibu. "Hilo ni lako."

Alisogeza kiti, akaketi mbele yake, magoti yao yakagusana. Akamwambia asiogope, wafanye mazoezi. Yeye ndiye mkewe, anamuuliza kama viti vimeshaingia. Kaka akasafisha koo. Akakunja ngumi, akazikunjua. Akamtazama dada yake machoni.

"Vinaingia sasa hivi, mke wangu," alisema.

Dereva akapiga honi. Bi Sawa akatoa kichwa dirishani akamwambia asubiri, kisha akarudi akaishika mikono ya kaka yake.

"Tuanze tena," alisema.