Mstari Uliosema Hapana

Fundi wa programu tunayemsema hapa hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na haraka ya kijinga. Ofisini walimwita Fasta, naye akavimba kichwa akidhani anasifiwa.

Zahanati alikofanya kazi dada yake ilimpa kazi ya kutengeneza programu ya simu: mgonjwa anamwandikia mshauri siri yake, mshauri anamjibu, na hakuna mwingine anayesoma. Mshauri mwenyewe ndiye huyo dada. Aliwaambia wagonjwa, "Andikeni bila wasiwasi. Kaitengeneza mdogo wangu, namjua tangu anatambaa."

Sasa, programu haiundwi hivi hivi tu. Kwanza kuna kiprogramu kinachokagua kompyuta: kipo hiki? Kipo kile? Kinajijibu chenyewe ndiyo, ndiyo, ndiyo, mistari kama mia mbili. Mstari mmoja uliuliza kama ipo maktaba ya usimbaji, yaani vile vifaa vinavyouvuruga ujumbe ukiwa njiani ili anayeudaka asiambulie kitu. Isipokuwapo, kazi yote inasimama.

Siku aliyohamia kompyuta mpya, kazi ilisimama. Akarudia, ikasimama tena. Zahanati wanapiga simu, wenzake wanamtania, "Fasta, leo gari limezima?" Hasira zikampanda. Akakifungua kile kiprogramu, akabadilisha kitu kimoja tu: maktaba isipopatikana, andika "hapana", kisha endelea. Maktaba nitaiweka nikitoka kula, alijiambia. Akala, akashiba, akasahau. Mtu mzima ovyo!

Programu ilifanya kazi vizuri kabisa. Ujumbe ulikwenda na kurudi, wazi kama tangazo la ukutani. Dada alipopiga simu kuuliza kama amehakikisha kila kitu, alicheka. "Nimehakikisha, dada. Mimi tena?"

Wiki ya tatu, fundi wa mtandao wa jengo la zahanati alikuwa akitafuta kwa nini mtandao unasuasua, akaona maneno ya watu yanapita na yanasomeka. Naye mdomo wake haukuwa na breki. Haikupita wiki, mtaa mzima ukajua kwamba mama mmoja mshonaji anapigwa na mumewe. Wateja wakawa wanaleta suruali za kupunguza huku wakimkagua shingo.

Mshonaji alikwenda zahanati moja kwa moja. Mbele ya foleni nzima alimwambia mshauri, "Nilikwambia wewe peke yako!" Kisha akamtemea mate usoni. Siku hiyo hiyo dada akasimamishwa kazi, akaambiwa kikao chake ni Ijumaa, na huenda asirudi tena.

Jumatano alikuja kwa mdogo wake. Hakukaa. Aliingia jikoni akaanza kuosha vyombo vya watu, maana huyo akiwa na dhiki mikono yake haitulii. Fundi alikuwa ameshaandaa maneno ya kujikosha. Hayakuhitajika.

"Programu nimeitetea," dada alisema. "Nimemwambia daktari mkuu haiwezi kuvuja, nimeulizia mwenyewe. Kwa hiyo ni mimi. Labda niliacha simu mezani. Labda nimesema usingizini, shemeji yako akasikia. Wewe unanijua, mdogo wangu. Mimi ni mtu wa kusema ya watu?"

"Hapana, dada," alijibu.

Alikwenda kwenye kompyuta yake, akafungua kumbukumbu za siku ile, akateremka mstari kwa mstari. Ule mstari ulikuwa umekaa pale pale: maktaba ya usimbaji, hapana. Masikio yalimwaka moto. Aliona aibu, jamani, aibu ya kutamani ardhi ipasuke immeze. Na hata hapo, sitamfichia, mkono wake ulikwenda kwenye kitufe cha kufuta. Angeweka maktaba, aunde upya, nani angejua? Jikoni maji yalikuwa yanamiminika na dada anasugua sufuria iliyoungua tangu Jumapili.

"Dada, njoo usome hapa."

Alikuja na mikono inayochuruzika povu. Akasoma. "Hapana, maana yake nini?"

"Maana yake ujumbe wote ulikuwa unasomeka. Nilijua siku ile ile. Ulipouliza, nilikudanganya."

Alitegemea kofi. Dada alifuta mikono kwenye gauni lake, polepole, kidole kimoja kimoja. "Siku nne sijala," alisema. "Nilikuwa najichunguza mimi." Kisha akachukua mkoba wake. "Usiniombe msamaha. Nenda kwa daktari mkuu, halafu nenda kwa yule mama."

Kesho yake, programu ilizimwa na daktari mkuu akaambiwa kila kitu. Fundi alifika kibandani kwa mshonaji saa tatu asubuhi, akasimama mlangoni na kusema yote bila kujitetea: haraka yake, ule mstari, ule uongo wa kwenye simu. Cherehani ilinyamaza.

Alijiandaa kutukanwa. Alitaka hasa kutukanwa.

"Kwa hiyo dada yako hakusema?" mshonaji aliuliza.

"Hakusema neno, mama."

Mshonaji alilitazama vazi lililokuwa chini ya sindano. "Nilimtemea mate," alisema. "Mtu pekee aliyenisikiliza. Mbele za watu nilimtemea mate."

Akajifunika uso kwa lile vazi la mteja na kulia kwa aibu, na fundi akabaki amesimama pale mlangoni, asijue mikono yake aiweke wapi.