Ukungu wa Shamba la Chini

Mama Kijani alikuwa akivunja mabonge ya wali ulioota ukungu na kuyapitisha kwenye chekeche, shemeji yake alipoingia bila hodi. Kazi ya Mama Kijani ilikuwa kuotesha ukungu unaoua wadudu. Unga wake ulimpaka kijani hadi viwikoni, na hapo ndipo alipopatia jina. Ukimgusa panzi, humpenya ngozi, humla ndani kwa ndani, kisha humpandisha hadi ncha ya jani akafie juu, upepo uusambaze.

"Panzi wameingia shamba la chini," shemeji alisema. "Njoo upulizie."

"Shamba langu."

"La kaka yangu."

Marehemu mumewe ndiye aliyefyeka pori lile, naye Mama Kijani aking'oa visiki. Udongo wa kaburi haujakauka, shemeji akasema atalishika kwa muda. Muda wa nani, hakusema.

"Likiokoka, tutazungumza," shemeji aliongeza mbele ya mama yake mzazi. Bibi kizee akatikisa kichwa kukubali.

Basi Mama Kijani akachanganya unga na mafuta, akapulizia jioni jioni, maana jua kali huua ukungu ule. Panzi wakapanda kwenye ncha za mahindi, wakakumbatia majani, wakafa. Mavuno yakaingia ghalani. Mazungumzo hayakuja. Shemeji akaota ukungu shingoni.

Ulianza mweupe, ukageuka kijani. Tabibu wa zahanati aliukwangua kwa kijiti, akautazama kwenye darubini.

"Huu ni wa shambani," alisema. "Haudhuru watu. Unashika waharibifu tu."

Aliyekuwa akisubiri zamu kwenye benchi akasogea kidogo kumpisha.

Kesho yake asubuhi shemeji alikuwa juu ya paa, amekumbatia ukingo wa bati kwa mikono na miguu. Alisema hajambo, ila hawezi kuachia. Mkewe akampelekea uji kwa ngazi. Kufikia saa nne ukungu ulikuwa umefika kifuani, na sauti yake imekuwa nyembamba.

"Jua linanichoma," alilalamika. "Nileteeni turubai. Na shuka lililoloweshwa."

Mama Kijani alikuwa chini ya ngazi. Alijua kivuli na unyevu vingemmaliza kabla ya kesho. Shuka lilikuwa tayari kwenye beseni, linachuruzika. Mama mkwe alimtazama, kisha akalitazama beseni.

"Mwanangu," alisema polepole, "wewe ndiye unayeujua."

Mama Kijani alilishika lile shuka. Maji yakamtiririka mikononi, yakadondoka yakiwa ya kijani. Alifikiria visiki. Alifikiria jinsi neno moja tu, au kukosa neno, lingetosha, na hakuna ambaye angemlaumu. Tabibu mwenyewe alishasema haudhuru watu. Alisimama hivyo mpaka mke wa shemeji akaanza kulia kimyakimya.

"Asifunikwe," alisema hatimaye. "Mvueni shati. Akae juani mpaka ukungu ukauke."

Wakamvua. Jua likapiga siku nzima. Jioni unga ukapukutika kutoka kifuani kama chokaa ya ukuta mkuukuu, na sauti ikarudi. Mikono haikuachia. Tabibu alikuja akatazama kutoka uani, akasema wapo wanaobaki hivyo.

Wakamzoea. Walimjengea kizuizi asiteleze, na wageni walimwamkia wakiinua nyuso. Siku moja Mama Kijani alipanda ngazi na bakuli la chakula.

"Tulisema tutazungumza, shemeji," alimwambia.

Shemeji alitafuna, akameza, akatazama mbali juu ya kichwa cha Mama Kijani. Kutoka pale aliona shamba lote la chini, na kibanda cha Mama Kijani pembeni, na mfereji.

"Huku juu mtu anaona vizuri," alisema. "Ule mpaka ulipindishwa. Kibanda chako kimeingia kwangu."

Jioni hiyo hiyo wana wa shemeji walikwenda na kamba na vigingi, wakapima. Yeye aliwaelekeza kutoka juu ya paa: huku kidogo, huku tena, hapo hapo.