Shemasi Nyuma ya Shuka

"Mama Muriel, hiyo kasi ya binti yako nani kaipima?" Bi Quigley, jirani yake, aliuliza hivyo siku moja akianika nguo upande wa pili wa ua, kwa sauti ya mtu anayejua jibu.

Ada Hannaford, mama yake Muriel, aliendelea kubana shimizi kwenye kamba. Hakuna aliyeipima. Muriel alikuwa amewashinda wasichana wote wa Sydney kwa mtindo huru, lakini bwawa la wanawake halikuruhusu mwanamume kutia mguu siku ya mashindano, na wenye saa zinazotambuliwa na chama cha kuogelea wote walikuwa wanaume. Tena aliyekaa mlangoni kuwazuia ni Ada mwenyewe. Tangu afiwe na mumewe aliishika kazi hiyo kama anavyoishika Biblia. Aliwahi kumrudisha nyumbani hata mume wa mwenyekiti wa klabu yao ya wanawake, tena mvua ikinyesha.

Sasa mambo yalibana. Kwa mara ya kwanza wanawake wangeogelea kwenye michezo mikubwa ya Ulaya, na asiye na muda uliothibitishwa hapandi meli. Jumamosi iliyofuata ilikuwa nafasi ya mwisho ya Muriel.

Mwenyekiti, Bi Treloar, akaja na akili yake. Shemasi Pascoe wa kanisa lao, mwenye saa ya chama, aingie, ila akae nyuma ya shuka. Kengele ya kwanza ikilia, aanzishe saa; Muriel akigusa ukuta, Bi Treloar apige ya pili, naye shemasi aisimamishe. Ada aliona ni busara. Shuka alilitoa yeye, lile zito la baridi.

Basi kengele ikalia, Muriel akajitupa majini, akayakata mpaka wanawake wakapanda juu ya mabenchi. Bi Treloar, ambaye hata kucheka huomba radhi kwanza, aliiacha kengele kwenye benchi, akakunja sketi, akakimbia kando ya bwawa akimhimiza. Muriel akagusa ukuta. Wakakumbatiana. Muriel akajifuta, akamiminiwa chai.

"Jamani," sauti ya shemasi ikatoka nyuma ya shuka, "huyu mtoto bado hajafika? Au kazama?"

Wanawake walicheka hadi machozi. Ada hakucheka. Alimwona mwanawe ameshika kikombe, chai hajaionja, anaitazama ile kengele kwenye benchi.

Bi Treloar akasema warudie, safari hii kengele ataifunga mkononi. Muriel akajibu kwa upole kwamba ataogelea tena, ila mwenye saa amwone.

Ada akainuka pale mlangoni. "Shemasi, kila Jumapili unatuona wanawake wote kanisani. Macho yako yangali mazima?"

"Mazima kabisa, dada Ada."

Ada akalishusha shuka, akalikunja pembe kwa pembe, akalitia kwapani. "Basi mtazame mwanangu. Ukiona kingine zaidi ya mwogeleaji utamjibu Mungu, na mimi nitakuwa shahidi."

Muriel akarudi majini na uchovu wake. Shemasi, masikio yamemwiva, hakupepesa jicho hadi mkono ulipogusa ukuta. Akaitazama saa, akaitazama tena, kisha akamsogezea Ada aone.

"Mfungie mizigo ya meli," akasema.

Bi Treloar, ambaye hangevumilia mwanamume atazame, akachukua mwavuli wake, akatoka.