Mlango wa Verlene

Picha aliipiga Brynn mwenyewe, na hilo ndilo lililomkosesha raha. Ilikuwa zamu yake kuzunguka mtaa wa Palo Bend kwa gari, mwanawe akiwa kiti cha nyuma, akitafuta wavunja kanuni: pipa la taka lililosahauliwa nje, nyasi zilizozidi kimo, banda la gari lililoachwa wazi mchana kutwa. La Verlene Hotchkiss lilikuwa wazi. Akapiga picha, akaituma kwa kamati, akaenda zake kununua nepi.

Sasa Verlene alikuwa amekaa mbele yao, katika chumba kidogo kando ya bwawa la kuogelea, amekuja kujitetea kabla ya kutozwa faini. Kamati ilikuwa watu watatu: Brynn, Darla Quintero, na mwenyekiti Roland Kessler, mstaafu aliyezijua kanuni za chama cha wenye nyumba kuliko alivyowajua majirani.

"Mlango wa banda nimeufunga mlivyotaka," alisema Verlene. "Nimekuja kuomba niufungue tena. Kwa ajili ya Wendell."

Wendell, mumewe, alikuwa akipoteza kumbukumbu. Jua la Arizona likipungua ukali hutoka kutembea, na Palo Bend nyumba zote ni rangi ya mchanga, paa za namna moja, milango ya namna moja, maana kanuni ndivyo zinavyotaka. Nyumba yake alikuwa akiitambua kwa ule mlango ulio wazi.

"Jana kaenda kutikisa kitasa cha nyumba ya watu. Mwenyewe katoka na bunduki. Wangu akamwuliza, bwana, mke wangu umempeleka wapi?"

Darla aliinamia meza. Brynn akamhamisha mtoto goti la pili, ingawa mtoto alikuwa ametulia tuli.

"Si utundike bendera?" alisema Kessler. "Bendera ya taifa sheria haituruhusu kukukataza."

"Roland, mtaa mzima una bendera. Wewe mwenyewe unazo mbili."

"Basi asitoke peke yake."

"Nimfunge kamba? Magoti yangu haya hayanifikishi hata kona ya kwanza. Mkinikatalia, Jumatatu nampeleka makao ya wazee. Mwanangu keshatafuta nafasi."

"Tumruhusu," Brynn alisema, sauti ikimtoka juu kuliko alivyotaka. "Jioni tu. Itamdhuru nani?"

"Leo mlango," alijibu Kessler, "kesho mtu atapaka nyumba yake zambarau, aseme mama yake haoni vizuri."

Wakapiga kura. Darla alimtazama Brynn kama anayeomba radhi, kisha akanyoosha mkono upande wa Kessler. Verlene akachukua mkoba wake, akawashukuru kwa muda wao, akatoka.

Brynn alimkimbilia hadi kwenye maegesho.

"Usimpeleke kwanza, mama Verlene. Nitatembea naye mimi."

"Na hako katoto?"

"Tutatembea wote."

"Siku mbili utachoka, mwanangu."

"Labda. Lakini si leo."

Jioni ile ile wakatoka, Brynn akisukuma kigari cha mtoto, Wendell akishika mpini kwa mkono mmoja kana kwamba ndiye anayewaongoza. Alimsimulia habari za farasi aliyewahi kuwa naye. Brynn aliitikia huku akili yake ikihangaika: Jumatano ana masomo ya jioni, itakuwaje? Mtoto akipata homa? Aliposhtuka, wamekwishapinda kona, na mbele yao nyumba zimepangana za rangi ya mchanga, milango imefungwa yote, bendera zote zimelala. Akaingia uwanja wa nyumba moja akidhani ni kwa Verlene. Akaona gari asilolijua, akarudi barabarani.

"Umepotea, binti?" Wendell alimwuliza kwa upole.

"Kidogo, mzee."

"Usijali. Mke wangu huacha mlango wazi."

Brynn akasukuma kigari pole pole, akichungulia namba za nyumba, mpaka akamsikia Verlene akiita jina la mumewe kutoka barazani, ng'ambo ya barabara. Wendell akageuka, akainua kofia.

"Huyo," alisema.

Verlene aliwangoja wafike. Alimtazama Brynn usoni, jasho linamtiririka.

"Jumatatu?" aliuliza.

"Jumatatu nakuja mapema," alisema Brynn. "Jumatano ndiyo bado natafuta njia."