Siku Bashiru Alipozima Muziki

Kama kuna mtu aliyejiandaa kwa kelele, ni Emerensiana. Mama yake, Telesia, ndiye aliyemwandaa, na alifanya kazi hiyo akiwa kitandani.

Kabla kifua hakijamlaza, Telesia alikuwa akiuza viazi Makambako. Aliijua ile njia panda: malori ya Zambia, treni, wapiga debe, na maduka ya kanda za muziki yanayoshindana kwa spika. Miaka ile vyuo vya watu binafsi vilikuwa vikiota kila kona, na kimoja cha mambo ya maabara kilitangaza kwamba mtihani wake wa kuingilia ungefanywa kwa kompyuta, hukohuko Makambako. Telesia hakuuliza kompyuta ni kitu gani. Aliuliza chumba cha mtihani kiko wapi, akaambiwa kimepakana na duka la kanda la Bashiru.

"Bashiru yule wa spika mlangoni?" Akacheka mpaka akakohoa. "Basi umekwisha, mwanangu."

Mazoezi yakaanza jioni ileile nyumbani kwao Mjimwema, safari ya basi kutoka Makambako. Eme alikaa mezani na kitabu cha maswali, mkono wa kulia ukisukuma nusu ya kiazi, kwa sababu mwalimu wa kompyuta mjini alikuwa amemwambia kipanya kinataka mkono mwepesi. Mama, mto mgongoni, alipiga sufuria kwa mwiko, akaimba nyimbo za kanisani kwa sauti mbaya makusudi, akanadi viazi visivyokuwepo. Eme akiinua macho tu, anaambiwa, "Umeshindwa! Anza upya." Majirani walidhani ugonjwa umepanda kichwani. Lakini haikupita muda mrefu, ukaweza kuangusha debe tupu nyuma ya Eme naye asigeuke.

Wiki ya mtihani mama akawa hoi. Siku ya kuondoka Eme alisimama mlangoni na mfuko wake, akautua chini.

"Mama, niache tu. Watafanya tena mwakani."

"Kwani wewe ndiye dawa yangu? Nenda. Mjomba wako yupo hapa." Telesia hakuwa na jambo jingine alilolitaka tena duniani. Alitaka Eme aingie chuo kile, na alitaka kulisikia hilo kwa masikio yake.

Basi Eme akaenda, akalala kwa mama mmoja aliyekuwa mteja wa viazi vyao, na asubuhi akaingia chumba cha mtihani. Msimamizi, Bi Hamisa, alikuwa mkali kama pilipili. Alisoma masharti akiwa amekunja uso: ukishajibu swali huwezi kulirudia, ukitoka nje mashine imekufungia, na ukimaliza, mashine yenyewe itakuonyesha kama umefaulu au la. Kijana mmoja alikohoa, akakaripiwa.

Bashiru alikuwa amefungulia spika mpaka vioo vya dirisha vinatetemeka. Waliokaa karibu na Eme walijiziba masikio, mmoja akakaribia kulia. Eme alitabasamu. Sufuria ya mama ilikuwa mbaya kuliko hii. Maswali yakawa yanapita moja baada ya jingine, na alijua anayajibu vizuri.

Ghafla muziki ukakatika katikati ya wimbo.

Kwanza alidhani umeme umekatika, lakini kompyuta ilikuwa inawaka. Akasikia mtu nje akimwambia dereva, "Kaka, usipige honi hapa." Mpiga debe akanyamaza. Kimya kikatanda barabara nzima, Makambako, mchana kweupe. Kwa kimya hakuwa amefanya mazoezi hata siku moja.

Akatazama dirishani. Mjomba Silvesta, kaka yake mama, alikuwa amesimama na koti lake la kanisani siku ya kazi, soda mkononi. Bashiru alikuwa amekaa kizingitini pa duka lake, ameshika tama.

Desturi yetu mnaijua. Mtu hapewi habari ya msiba akiwa mbali na nyumbani. Anaambiwa mgonjwa kazidiwa kidogo, mpaka afike aone watu wamejaa uani. Ni huruma, sikatai. Ila sisi ni waongo wabovu: mdomo unaficha, huku kila kitu kingine kinatangaza. Silvesta hajapata kumnunulia mtu soda tangu azaliwe.

Bi Hamisa akaja, akamwekea mkono begani. "Taratibu, mwanangu," alisema kwa upole. "Usiwe na haraka."

Hapo Eme akajua kwamba mama yake amekufa.

Alijaribu. Alisoma swali lililokuwa mbele yake, akalisoma tena, na tena, halikuingia. Moyoni alimwomba Bashiru afungulie spika zake zote, apasue vioo akitaka, lakini watu wema wale waliendelea kunyamaza kwa ajili yake. Mwisho hakutaka chuo wala maabara, alitaka kwenda kwa mama. Akawa anabofya jibu la kwanza kwa kila swali lililobaki.

Mashine haina desturi. Haikumshika mkono wala kumkalisha kwanza. Ilimwandikia palepale: HUKUFAULU.

"Kamwene, mwanangu," mjomba alimwamkia nje. "Mama yako kazidiwa kidogo, ndiyo maana nimekufuata. Kunywa soda. Mtihani je?"

"Majibu watatuma, mjomba."

Waliondoka na pikapu ya parokia. Silvesta aliongea bila kupumzika: bei ya mahindi, mvua, mbolea. Bei ya mahindi aliirudia mara tatu, kama vile hajaisema. Eme akaona jambo ambalo wengine wote hawakuliona. Mtu huyu amefiwa na dada yake, na tangu alfajiri hajapata nafasi ya kumlilia.

"Mjomba, simamisha gari," alisema. "Mimi nimeshajua. Lia tu."

Gari likasimama kando ya barabara. Silvesta aliinamia usukani, akalia kwa sauti, na Eme akalia naye. Walikaa hapo hadi mjomba akaweza kujifuta uso kwa mkono wa koti.

"Usiku kucha alikuwa anakuulizia," alisema. "Kila akizinduka, mtihani, mtihani. Nikaona hatafika asubuhi. Nikamwambia umeshafanya, umefaulu. Akacheka, akasema, 'Nilijua.' Ndilo neno lake la mwisho." Akamgeukia kwa macho mekundu. "Nimemdanganya marehemu, Eme. Lakini majibu yakija si yatakuwa hayohayo?"

"Yatakuwa hayohayo, mjomba," Eme alisema. "Washa gari, watu wanatungoja."