Majibu Aliyofundishwa Bingwa

Jina la Kisiki alipewa na watazamaji. Katika mapambano thelathini na moja ya ngumi za kulipwa hakuwahi kuanguka hata mara moja, watu wakasema huyu si bondia, huyu ni kisiki, utamgonga weee mpaka mikono ikuume wewe. Jina likamkaa. Hata mkewe alimwita hivyo akitaka kumchokoza. Mama yake peke yake ndiye aliyemwita baba, kama alivyomwita tangu yuko mgongoni.

Huko kutoanguka ndiko kulikompa mkanda wa ubingwa, na ndiko kulikomharibu. Bondia akianguka anahesabiwa, pambano linasimamishwa, anapelekwa kupumzika. Anayebaki wima anaendelea kupigwa. Lakini hayo mama aliyaelewa baadaye. Wakati ule alikuwa anatamba kama watazamaji.

Mama alikuwa fundi cherehani. Chumba chake cha kazi kilikuwa cha mbele, dirisha linatazama barabara, na ndani mna mashine mbili, ya mguu na ya umeme, na meza ya kukatia iliyochimbika pembeni kwa miaka ya mkasi. Alishona sare za shule. Bukta zote ambazo mwanawe alipigania alizishona yeye pia, tangu ile ya kwanza, alipokuwa na miaka kumi na tisa na ukumbi una watu arobaini. Kila pambano likikaribia kijana alifunga mdomo kwa ajili ya mizani, na mama akapunguza kiuno vidole viwili. Siku ya kupima uzito alikuwa hahitaji kuambiwa. Futi yake ilishamwambia.

Akiwa na miaka ishirini na tano Kisiki akachukua mkanda. Akautetea mara tano. Mara ya tatu alipigana raundi saba na nyusi imepasuka, damu inaingia jichoni, akashinda. Mara ya tano uso ulivimba hadi mtoto wake akakataa kukaa naye meza moja. Napo alishinda.

Baada ya hiyo ya tano ndipo mambo yakaanza, kidogo kidogo, kiasi kwamba asiyetaka kuyaona hakuyaona. Kisiki tangu mdogo ndiye aliyekuwa akimtungia mama uzi kwenye sindano, maana macho ya mama yalikuwa yamechoka. Sasa akishika sindano uzi unapita pembeni, unapita pembeni tena, mwisho anaiweka mezani na kusema sindano za siku hizi zina matundu madogo. Akifunga shati, vifungo vinapishana tundu moja, upande mmoja unaning'inia. Mama anafungua, anafunga upya, haulizi.

Mkewe ndiye aliyeuliza.

"Mama, juzi nimemtuma amchukue mtoto shule," alisema mkwe, amesimama mlangoni na mkoba begani. "Amekwenda shule aliyosoma yeye. Amekaa getini saa nzima, mpaka mlinzi akamuuliza unamsubiri nani."

"Amechoka huyo. Mazoezi si mchezo."

"Mazoezi hajaanza, mama."

"Basi ana mawazo." Mama akakanyaga mashine ili mazungumzo yaishe.

Mwezi uliofuata kocha alikuja na habari ya pambano la sita la kutetea mkanda. Kocha huyo alikuwa mtu wa maneno mengi, hakai kwenye kiti ila ukingoni, kama anataka kuondoka. Siku hiyo hakuanza na mzaha. Alisema chama cha ngumi kimekaza sheria, bondia aliyepita miaka thelathini lazima daktari ampime kichwa kwanza ndipo apewe ruhusa. Kisiki alikuwa na thelathini na mbili.

"Anapimaje kichwa?" mama akauliza.

"Maswali, mama. Simama mguu mmoja. Gusa pua. Taja siku za wiki kwa kurudi nyuma. Kisha anakutajia maneno matatu, mnapiga soga dakika tano, halafu anakwambia yarudie." Kocha akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. "Daktari wetu mvivu, Mungu ambariki. Miaka sita anapima mabondia walioanguka, maneno hajabadilisha. Kengele, sabuni, daraja."

"Sasa karatasi ya nini, si umkaririshe?"

"Mimi ananielewa kwa ngumi tu. Wewe ndiye uliyemfundisha tebo za hesabu."

"Na akishindwa?"

"Leseni inaondoka, na mkanda unaifuata. Hakuna ulingo, hakuna kengele, mezani tu pale. Watasema kisiki kimeng'olewa kwa kalamu."

Kisiki alikuwa amekaa kwenye furushi la vitambaa, anasikiliza. "Mama, hili moja," alisema. "Nikishinda natundika glovu mwenyewe, kwa mkono wangu. Sitaki kutolewa kama mzigo."

Mama aliichukua karatasi. Hakuwa mtu mbaya, wala hakuwa na tamaa. Aliwaza hivi: mwanangu akiweza kuyakumbuka haya, maana yake kichwa ni kizima, na akishapita mtihani, mkwe atanyamaza na mimi nitalala. Kwa elimu yake, mtihani ulikuwa kitu cha kufaulu. Mtoto akifeli umelegea wewe mzazi, kaza.

Akakaza. Kila asubuhi Kisiki alikuja chumba cha kushonea, mkewe akiambiwa anapimwa bukta. Siku ya kwanza alishika maneno mawili, la tatu likakataa. Siku ya pili alishika la tatu akaacha la kwanza. Mama akatumia mashine ya mguu: kanyagio likishuka kengele, likishuka sabuni, likishuka daraja. Siku ya nne alisema "sabuni, sabuni," akacheka mwenyewe, kisha akawa anatafuta yale mengine ukutani kwa macho.

"Baba, tutaanza tena," mama alisema.

"Tebo ya saba nilichukua siku ngapi?"

"Jioni moja."

"Nilikuwa na akili eh?"

"Bado unazo. Kengele."

Siku ya tisa aliweza. Aliweza huku anakula, aliweza huku mama anamsemesha mambo mengine, aliweza akiwa amefumba macho. Siku za wiki alizirudisha nyuma bila kujikwaa. Mama alijisikia kama siku zile matokeo yakibandikwa shuleni.

Daktari alimpima Ijumaa. Akasema kichwa cha bingwa ni safi kama kioo, akagonga muhuri.

Pambano lilikuwa Jumapili alasiri. Mama hakuwahi kumtazama mwanawe akipigwa. Siku zote alikaa chumba cha kubadilishia, kwenye benchi, mkoba mapajani, akisikiliza ukumbi kupitia ukutani. Alijua kupambanua kelele. Kelele za mwanawe kupiga zilikuwa ndefu. Za kupigwa zilikuwa fupi na nzito, kama watu wote wamekabwa mara moja. Siku hiyo zile fupi zilikuwa nyingi. Baada ya raundi ya nane akasikia kicheko kikubwa, akashangaa. Walikuja kumwambia baadaye: kengele ilipolia Kisiki alikwenda kukaa kona ya mpinzani. Watu walidhani anamkejeli mwenzake, wakapiga makofi.

Raundi zote kumi na mbili zikaisha. Akashinda kwa pointi.

Walimleta chumbani mkanda ukiwa begani, kocha anaimba. Daktari akaingia na mkoba wake, akamulika macho, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akamtajia maneno. Akaanza kupiga soga kuhusu raundi ya mwisho, lakini Kisiki hakungoja dakika tano. "Kengele, sabuni, daraja," alisema. Na siku za wiki akazitiririsha, Jumapili mpaka Jumatatu.

"Huyu ni mzima kuliko mimi," daktari alisema. "Barafu usoni, alale." Akafunga zipu ya mkoba.

Mama alikuwa amepiga magoti anamkatia bendeji za mikono kwa mkasi mdogo. Kisiki akainama, akamnong'oneza sikioni.

"Mama, wameshaniita? Nataka kupasha mwili kidogo kabla ya kuingia."

Mama alimtazama. Mkanda sasa ulikuwa mapajani pa Kisiki, na mkono wake mmoja ulikuwa juu ya mkanda.

"Anatania," kocha alisema upesi. Alikuwa amesikia. "Kisiki bwana, acha mizaha, unamtisha mama."

Kisiki akatabasamu kwa kuwa wengine walitabasamu. Daktari alikuwa anavaa koti. Mama alijua kinachotakiwa kusemwa, na alijua kikisemwa kinachukua nini: mkanda, leseni, jina la mwanawe na lake pia. Alimaliza kukata bendeji ya mkono wa kulia. Akakata ya kushoto. Daktari alikuwa ameshashika kitasa.

"Daktari," mama alisema. "Muulize mengine."

"Mengine yapi, mama?"

"Maneno mengine. Hayo nimemfundisha mimi."

"Mama, usituharibie kazi," kocha alisema kwa sauti ya chini.

Daktari alirudi. Hakugomba. Alivuta kiti, akakaa uso kwa uso na Kisiki. "Kofia, mlango, chumvi," alisema. Akatazama saa. Safari hii dakika tano zilitimia zote, maji ya bomba yanadondoka.

"Haya bingwa. Maneno yangu."

"Kengele, sabuni, daraja," Kisiki alisema, akageuka kumtazama mama kama amepata.

Ambulensi ilifika kabla watazamaji hawajamaliza kutoka. Hospitali walimfungua kichwa, wakatoa damu iliyokuwa ikivujia ndani. Daktari wa upasuaji alisema lau angekwenda nyumbani kulala, asingeamka.

Kisiki alipona kwa namna ya kupona. Anaoga mwenyewe, anakula, anakusimulia pambano la miaka kumi iliyopita ngumi kwa ngumi. Lakini jiko huwezi kumwachia, na akitoka lazima awe na mtu. Leseni ilifutwa, mkanda ukatangazwa hauna mwenyewe. Kocha alikuja mara mbili, kisha akawa na shughuli.

Mkwe alisikia hadithi nusu. Alisikia kwamba mama mkwe ndiye aliyemzuia daktari mlangoni, na kwamba bila yeye angekuwa mjane. Akamshukuru mbele za watu, wodini, akilia. Majirani nao wakaja: mama kama huyu hayupo. Mama akapokea. Miezi miwili akazila sifa hizo, huku akijua si zake.

Siku moja mkwe alileta suruali za Kisiki zipunguzwe, maana mwili ulikuwa umeisha. Alikuwa mwema kwake, amembebea na matunda. Mama akazima mashine.

"Mwanangu, yale maswali ya daktari ya kabla ya pambano. Alifaulu kwa sababu mimi nilimfundisha majibu. Humu humu. Nilikudanganya nampima bukta."

Mkwe hakupiga kelele. Aliweka suruali mezani, akazinyoosha, akazikunja.

"Ulimfundisha siku ngapi?"

"Tisa."

"Maneno matatu."

"Matatu."

"Siku tisa, mama." Mkwe alisema taratibu, kama anayemwelewesha mtu mgeni. "Daktari alimwona nusu saa. Kocha alimwona kwenye mazoezi. Wewe ulimwona mtu mzima akishindwa maneno matatu siku tisa. Kipimo ulikuwa nacho wewe."

Mama alikuwa na la kujitetea. Alikuwa ameliandaa kwa miezi miwili. Alipofungua mdomo aliliona halina kitu.

"Nilikiona," alisema. "Siku ya nne nilikiona. Nikakaza."

Mkwe akatikisa kichwa kuonyesha amesikia. Hajamsamehe, wala hajamtenga. Anamleta Kisiki kila Jumanne, anamkalisha kwenye furushi la vitambaa, anarudi saa kumi kumchukua. Kisiki akimuuliza mama swali, na huuliza hilo hilo mara nyingi, mama anamjibu kila mara. Akikosa neno anamwacha alikose. Hamfundishi tena.